Fuata Nyuki Ule Asali: Majaribio ya Awali ya Vifuatilizi Nunurifu katika Upigaji Picha wa Saratani

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa fuata nyuki ule asali. Mrina asali anayetafuta mzinga uliofichika hana haja ya kupasua kila gogo msituni. Humtazama nyuki mmoja aliyetoka kunywa maji, akamfuata kwa macho hadi aingiapo. Tabibu anayetafuta uvimbe wa saratani uliojificha ndani ya mwili hukabiliwa na tatizo lilo hilo. Hawezi kuupasua mwili mzima kuuchunguza. Anahitaji nyuki, yaani kitu kidogo kitakachoingia mwilini, kielekee kule uvimbe uliko, na wakati huohuo kitoe ishara inayoweza kuonekana kwa nje. Nyuki huyo ndiye tunayemwita kifuatilizi katika makala haya.

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi vifuatilizi vya kwanza vilivyobuniwa na kujaribiwa hadi vikatupatia picha za saratani tulizo nazo leo. Aidha, yananuia kuonyesha kwamba majaribio hayo yalisimama juu ya nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni udogo wa kiasi kinachotiwa mwilini. Ya pili ni ukweli wa maneno anayoambiwa mtu anayetiwa. Nguzo ya kwanza ni kazi ya wanafizikia na wanakemia. Ya pili ni kazi ya lugha, na kwa hiyo inatuhusu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili moja kwa moja.

Dhana ya kifuatilizi

Kifuatilizi nunurifu kina sifa mbili. Sifa ya kwanza ni kwamba mwili haukitambui kuwa ni kigeni. Atomi za elementi moja zaweza kutofautiana uzito ilhali tabia yake ya kikemia ni ile ile. Atomi kama hizo huitwa isotopu. Mwili ukihitaji iodini, hupokea iodini ya kawaida na iodini nunurifu bila kubagua. Sifa ya pili ni kwamba kiini cha atomi nunurifu si thabiti. Hubadilika chenyewe, na kinapobadilika hutoa miale ambayo kifaa kilicho nje ya mwili huweza kuinasa. Kwa namna hii kifuatilizi hujificha mbele ya mwili na kujitangaza mbele ya mashine.

Ikumbukwe kwamba unururifu hupungua kwa utaratibu maalumu. Kila isotopu ina muda wake ambao nusu ya atomi zake huwa zimekwisha kubadilika. Makala haya yatauita muda huo muda wa nusu. Isotopu yenye muda wa nusu wa saa mbili hubaki na nusu baada ya saa mbili, robo baada ya saa nne, na thumuni baada ya saa sita. Jambo hili dogo la hesabu ndilo lililoamua, kama tutakavyoona, ni kifuatilizi kipi kingefaa na hospitali gani ingeweza kukitumia.

Kushindwa kulikozaa fani

Asili ya fani hii ni kazi iliyoshindikana. Mwaka 1911, George de Hevesy, mwanakemia kijana kutoka Hungaria, alijiunga na maabara ya Ernest Rutherford mjini Manchester, Uingereza. Rutherford alikuwa na risasi nyingi iliyochanganyika na dutu nunurifu iliyojulikana wakati huo kama radiamu D, naye akamtwika Hevesy jukumu la kuitenga. Hevesy alijaribu kila mbinu ya kikemia aliyoijua, akatoka patupu. Sababu ilibainika baadaye: radiamu D ilikuwa ni risasi yenyewe, isotopu yake. Hakuna mbinu ya kikemia ambayo ingeweza kutenga risasi na risasi.

Hevesy hakukata tamaa. Alijiuliza: ikiwa dutu hii haiwezi kutengwa na risasi, je, haiwezi kutumiwa kuifuata risasi popote iendapo? Mwaka 1913, akishirikiana na Fritz Paneth mjini Vienna, alilitumia wazo hilo kupima mambo ya kikemia yasiyopimika kwa mizani. Mwaka 1923, akiwa Copenhagen, aliitia risasi nunurifu katika maji ya mmea wa jamii ya maharagwe, akaonyesha jinsi mizizi, shina na majani yalivyoipokea. Mwaka 1935 aliwalisha panya fosforasi nunurifu na kugundua kwamba mifupa si jiwe lililokwisha kukamilika, bali hupokea na kutoa madini daima. Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943 ilikuwa yake.

Kuna kisa ambacho Hevesy mwenyewe alizoea kukisimulia. Alipokuwa akipanga Manchester alimshuku mama mwenye nyumba kuwa alikuwa akiwaandalia wapangaji makombo ya nyama ya siku zilizopita. Mama akakana. Siku moja Hevesy akatia dutu nunurifu kidogo katika mabaki ya chakula chake. Siku chache baadaye akapima mlo mpya kwa kifaa chake, na unururifu ukaonekana. Kisa hiki huchekesha. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba tayari ndani yake mna mbegu ya tatizo tutakalolijadili hapa chini: waliokula mlo ule hawakuambiwa kilichokuwamo.

Kutoka mmea hadi mwili wa binadamu

Miaka ya 1925 hadi 1927, daktari Herrmann Blumgart wa Boston, Marekani, alitaka kujua damu huchukua muda gani kusafiri mwilini. Alidunga dutu nunurifu itokanayo na radoni katika mshipa wa mkono mmoja na kusubiri ishara yake katika mkono wa pili. Kwa mtu mwenye afya safari hiyo ilichukua takriban sekunde 18; kwa wagonjwa wa moyo ilichukua muda mrefu zaidi. Inaelezwa kwamba mtu wa kwanza kudungwa alikuwa Blumgart mwenyewe. Huo ndio uliokuwa ustaarabu wa wakati huo: mtafiti mwadilifu alianza na mkono wake kabla ya kuomba mkono wa mwenzake.

Hatua iliyofuata ilihusu dundumio, yaani tezi ya shingoni inayotumia iodini. Mwaka 1936, daktari Saul Hertz alihudhuria mhadhara wa mwanafizikia Karl Compton mjini Boston, akauliza iwapo iodini ingeweza kufanywa nunurifu. Mwaka uliofuata, Hertz na mwanafizikia Arthur Roberts waliwadunga sungura iodini nunurifu, wakaona jinsi dundumio linavyoikusanya. Hata hivyo, isotopu waliyotumia ilikuwa na muda wa nusu wa dakika 25 tu. Ilikuwa kama nyuki anayekufa kabla ya kufika mzingani. Mwaka 1938, John Livingood na Glenn Seaborg wa Berkeley waligundua iodini-131, yenye muda wa nusu wa siku 8. Sasa nyuki alikuwa na maisha ya kutosha.

Saratani iliingia katika historia hii kupitia mlango huo. Samuel Seidlin na wenzake wa New York walimchunguza mgonjwa aliyekuwa amekatwa dundumio kwa sababu ya saratani, lakini bado alionyesha dalili za dundumio linalofanya kazi kupita kiasi. Walimpa iodini nunurifu, kisha wakaupitisha mwilini mwake kifaa cha kuhesabu miale. Kifaa kililia mahali kadhaa mbali na shingo. Saratani ilikuwa imesambaa, na vijisehemu vyake vilikuwa vikila iodini kana kwamba vingali shingoni. Taarifa yao, waliyoichapisha mwaka 1946, ilithibitisha kwamba kifuatilizi chaweza kuisaka saratani mafichoni. Zaidi ya hayo, kiasi kikubwa zaidi cha iodini ile ile kingeweza kuishambulia.

Vyombo navyo viliboreka. Mwaka 1951, Benedict Cassen wa Los Angeles aliunda mashine iliyopita juu ya mwili mstari kwa mstari, ikachapa vidoti pale ilipokuta miale. Mwaka 1958, Hal Anger wa Berkeley alizindua kamera iliyoiona sehemu nzima kwa mara moja. Kufikia hapo, tabibu hakuhesabu tena milio ya kifaa; alitazama picha.

Sukari inayonasa

Upungufu wa iodini ni kwamba hufaa kwa saratani ya dundumio pekee. Je, ni chakula gani ambacho saratani za aina nyingi hukipenda? Jibu lilikuwa limetolewa na Mjerumani Otto Warburg miaka ya 1920. Warburg aligundua kwamba seli za uvimbe hutumia sukari aina ya glukosi kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi ya maziwa hata pale ambapo oksijeni ipo ya kutosha. Seli ya saratani, kwa lugha ya kawaida, ni mlafi wa sukari. Basi kilichohitajika ni sukari nunurifu.

Tatizo ni kwamba glukosi ya kawaida ikiingia katika seli huvunjwavunjwa upesi, na alama iliyotiwa ndani yake hutawanyika. Wanakemia walitatua fumbo hili kwa kuibadilisha sukari kidogo. Katika nafasi ya pili ya molekuli ya glukosi waliondoa kikundi cha oksijeni na hidrojeni, wakatia atomi ya florini-18, ambayo ni nunurifu. Sukari hii huitwa fluorodioksiglukosi, kwa kifupi FDG. Seli huifungulia mlango ikidhani ni glukosi. Hatua ya kwanza ya kuisaga hufanyika kama kawaida, lakini hatua ya pili hushindikana kwa sababu umbo limebadilika. Sukari haiendi mbele wala hairudi nje kwa urahisi, hunasa. Kadiri seli ilivyo mlafi ndivyo inavyojikusanyia FDG nyingi, na ndivyo inavyong'aa katika picha.

FDG iliundwa katika Maabara ya Kitaifa ya Brookhaven, jimbo la New York, na kundi la wanakemia waliokuwamo Tatsuo Ido, Alfred Wolf na Joanna Fowler. Matabibu waliokuwa wakiisubiri walikuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mjini Philadelphia. Muda wa nusu wa florini-18 ni takriban dakika 110. Kwa hiyo kila dakika ya safari ilikuwa hasara, na dawa hiyo ikasafirishwa kwa ndege. Mwezi Agosti mwaka 1976, Abass Alavi na wenzake waliwadunga FDG watu wawili wenye afya waliojitolea. Picha za ubongo zilizopatikana zilikuwa hafifu zikilinganishwa na za leo, kwani mashine iliyotumika haikuwa ya aina tunayoiita PET. Hata hivyo, zilionyesha kwamba ubongo wa binadamu ulio hai waweza kuonekana ukila.

Mashine ya PET yenyewe ilikuwa imeundwa miaka ya 1974 na 1975 mjini St. Louis na Michael Phelps, Edward Hoffman, Michel Ter-Pogossian na wenzao. Florini-18 hutoa chembe iitwayo positroni. Positroni ikikutana na elektroni, zote mbili hutoweka, na badala yake miale miwili ya gama huchomoka ikielekea pande zinazokinzana. Mashine iliyomzunguka mgonjwa kama pete huinasa miale hiyo kwa pamoja, ikajua kwamba chanzo kiko mahali fulani katika mstari unaoiunganisha. Mistari maelfu kwa maelfu ikikutanishwa, picha hupatikana.

Nia ya awali ya FDG ilikuwa kuuelewa ubongo. Matumizi yake katika saratani yalifuata hatua kwa hatua. Mwaka 1980, watafiti wa Brookhaven walionyesha kwamba hujikusanya katika uvimbe wa wanyama. Mwaka 1982, Giovanni Di Chiro na wenzake katika Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani walitoa taarifa kwamba uvimbe mkali wa ubongo hutumia sukari nyingi kuliko uvimbe mpole. Kuanzia hapo, kifuatilizi hakikueleza tu uvimbe uko wapi, bali pia una hatari kiasi gani.

Nguzo ya pili: ukweli wa maneno

Tumtazame sasa yule anayedungwa. Wale watu wawili wa Philadelphia hawakuwa wagonjwa, na hapakuwa na nafuu yoyote waliyoitarajia. Hii ndiyo hulka ya jaribio la kwanza la kifuatilizi: mwenye kujaribiwa hubeba hatari ya leo, hata ikiwa ndogo, kwa ajili ya mgonjwa wa kesho asiyemjua. Kinachohalalisha jambo hilo ni ridhaa yake tu. Ridhaa, nayo, haina maana isipojengwa juu ya maelezo ya kweli.

Historia inatupa mfano wa upande wa pili. Kati ya miaka ya 1946 na 1953, katika Shule ya Fernald mjini Waltham, Massachusetts, iliyowatunza watoto waliodhaniwa kuwa na upungufu wa akili, watafiti wa taasisi ya teknolojia ya MIT waliwalisha wavulana wapatao 74 vyakula vilivyotiwa chuma au kalisi nunurifu. Utafiti huo, uliosaidiwa na kampuni ya Quaker Oats, haukuhusu saratani bali lishe. Ulidhamiria kujua jinsi mwili unavyofyonza madini kutoka katika uji wa shayiri na maziwa. Wavulana waliingizwa katika klabu ya sayansi, wakaahidiwa maziwa ya ziada na safari za kutazama michezo. Barua walizotumiwa wazazi zilitaja manufaa hayo. Neno unururifu halikuwamo.

Mambo hayo yalijulikana sana kwa umma mwishoni mwa mwaka 1993, wakati ambapo Marekani ilikuwa ikitikiswa pia na habari za mwandishi Eileen Welsome kuhusu watu 18 waliodungwa plutoniamu kati ya miaka ya 1945 na 1947. Rais Bill Clinton aliunda kamati ya uchunguzi mwaka 1994, na alipopokea ripoti yake mwezi Oktoba 1995 aliomba radhi kwa niaba ya serikali. Mwaka 1998, MIT na Quaker Oats zilikubali kuwalipa waathiriwa wa Fernald dola milioni 1.85.

Jambo la kuzingatia hapa ni hili. Wachunguzi walihitimisha kwamba kiasi cha mnururisho walichopata wavulana wa Fernald kilikuwa kidogo, na hakikuelekea kuwadhuru kiafya. Nguzo ya kwanza ilikuwa imesimama. Hata hivyo, kosa lilikuwapo, tena kubwa. Lilikuwa kosa la lugha: barua iliyoandikwa kwa ufasaha, isiyo na uongo wa wazi, lakini iliyoacha neno moja lililohitajika.

Hali ilivyo leo

Siku hizi kifuatilizi kipya hupitia hatua nyingi kabla ya kumfikia binadamu. Hujaribiwa katika seli, kisha katika wanyama, na hesabu hufanywa ili kujua kila kiungo kitapata mnururisho kiasi gani. Miongozo ya kimataifa inaruhusu majaribio ya dozi ndogo mno, isiyozidi maikrogramu 100 za dutu yenyewe. Kipimo cha kawaida cha FDG humpa mgonjwa takriban milisiveti 7 za mnururisho, mbali na zile zinazotokana na eksirei iambatanayo na mashine za kisasa. Wastani wa mnururisho wa asili anaoupata binadamu duniani kwa mwaka ni milisiveti 2.4. Kwa hiyo kipimo hicho ni sawa na takriban miaka mitatu ya kuishi tu.

Kwa kuwa florini-18 hudumu kwa muda mfupi, hospitali huhitaji mtambo wa kuitengeneza, yaani saiklotroni, mahali pa karibu. Hiyo ni mojawapo ya sababu zilizowafanya wagonjwa wengi wa Kenya kusafiri hadi India kwa miaka mingi. Mwaka 2018, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi ilizindua saiklotroni na mashine ya PET. Baadaye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ikafuata. Hapa kwetu kuna tahadhari ya ziada: seli zinazopambana na kifua kikuu nazo hula sukari kwa wingi, na hung'aa kama saratani. Mng'ao pekee si hukumu.

Nguzo ya pili, hata hivyo, bado inahitaji wajenzi. Mgonjwa wetu akiambiwa kuwa atatiwa "mionzi", huenda akafikiria eksirei, ambayo miale yake hutoka nje na kupita mwilini. Huenda pia akafikiria tiba ya mionzi, ambayo hudhamiria kuua seli. Kifuatilizi si hiki wala kile. Miale yake hutoka ndani ya mgonjwa mwenyewe kwa muda mfupi, na kazi yake ni kuonyesha. Neno moja linapobeba dhana tatu, ridhaa huwa ya kubahatisha. Tunapendekeza maelezo ya mfano huu:

"Mama, tutakudunga sukari kidogo iliyotiwa alama. Alama hiyo hutoa miale ambayo mashine huiona. Uvimbe ukiwapo, mara nyingi huila sukari hiyo zaidi ya sehemu nyingine, nasi tutaona ulipo. Hii si dawa, haitakuponya. Usile chochote kwa saa sita kabla ya kuja. Maji waweza kunywa. Ukishadungwa utapumzika kwa saa moja hivi. Miale itakuwa ndani yako kwa saa chache, kwa hiyo usikae karibu na mtoto mchanga wala mja mzito siku hiyo. Una haki ya kuuliza, na una haki ya kukataa."

Maneno hayo hayana istilahi hata moja ngumu, lakini hayajaficha lolote la msingi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kifuatilizi kilizaliwa na kazi iliyoshindikana Manchester, kikapitia maharagwe, panya, sungura na mkono wa daktari, hadi kikafikia sukari inayonasa ndani ya uvimbe. Tumeona pia kwamba kiasi kidogo cha dutu hakitoshi kulihalalisha jaribio ikiwa mwenye mwili hakuelezwa. Vyama vya Kiswahili vyuoni vimezoea kubuni istilahi na kuzijadili makongamanoni. Ni kazi njema. Lakini istilahi inayoishia katika jarida haijamfikia yule mama aliyeketi kwenye benchi la hospitali akiwa na fomu mkononi. Tuwaendee wenzetu wa vitivo vya tiba, tuzisome fomu zao za ridhaa, na tuziandike upya kwa Kiswahili ambacho mgonjwa atakielewa kabla ya kutia sahihi. Anayemtuma nyuki katika mwili wa mwenzake sharti kwanza amweleze kwamba amemtuma.